Imani potofu, ushirikina, na tangazo lililozua mjadala Rungwe

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika kata moja wilayani Rungwe. Niliandaa tangazo la mkutano wa kijiji lenye mstari huu: "Wananchi tuachane na imani potofu na ushirikina, kama kuamini kuwa radi hutumwa na watu, kumkataza mjamzito kula mayai, na kutambikia msituni." Nilipolisoma, mzee mmoja alisimama akauliza, "Potofu kwa nani?" Watu wakacheka, mimi nikakosa jibu. Mchungaji akasema yote hayo ni ushirikina, basi niandike neno hilo moja tu. Mwenzangu wa idara ya afya akasema ushirikina na imani potofu ni kitu kimoja, nichague lolote. Naomba unisaidie: maneno haya yanatofautianaje, na tangazo langu nilirekebishe vipi? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba mwanangu, na kamwene kutoka Iringa.

Mzee wako hakuwa anatania, hata kama watu walicheka. Anayeambiwa imani yake ni potofu amehukumiwa, na mwenye kuhukumiwa ana haki ya kuuliza kosa lake ni lipi. Tangazo lako lilimtia hatiani bila kumsomea shtaka. Lilichanganya mambo matatu yasiyofanana, likayabandika majina mawili, kisha likamwachia msomaji agawe mwenyewe.

Nadhani lililomchoma zaidi ni neno imani, potofu likafuatia. Imani tumelipata kwa Waarabu na tukalipa kazi nyingi. Ukisema "sina imani naye" unazungumzia kuaminiana, na ndiyo maana bungeni kuna kura ya kutokuwa na imani. Ukisema "mama yule ana imani" unaweza kuwa unasifu huruma yake: hawezi kumfukuza yatima mlangoni. Halafu ipo imani ya dini. Mtumishi wa serikali akisimama mbele ya wazee na karatasi mkononi akatamka "imani", wao husikia hiyo ya tatu. Kwa hiyo wewe ulisema mambo ya afya na usalama, mzee akasikia kwamba dini ya baba zake ni mbovu. Na hilo ameshalisikia kabla yako. Wamisionari wa Moraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kwa miongo mingi mambo ya wazee yaliitwa upagani na ushenzi. Mtu aliyekulia katika maneno hayo ana sikio jepesi.

Potofu lenyewe linatokana na kupotoka, kama nyofu lilivyotokana na kunyooka na tukufu na kutukuka. Kupotoka ni kupinda, kuacha unyoofu. Kupotea ni jambo jingine, nalo limetupa potevu: yule mwana mpotevu wa Injili ya Luka aliiacha njia, akarudi kwa baba yake. Katika maandishi ya zamani, hasa ya kanisani, utakutana pia na potovu na upotovu. Leo potofu ndilo lililoshika. Kisarufi tunasema mtu mpotofu, watu wapotofu, mawazo mapotofu, ila imani potofu, dhana potofu, fikra potofu, kwa sababu ngeli ya I-/ZI- haiweki kiambishi hapo. Magazeti yamezoea "mawazo potofu" na "mtazamo potofu". Sitakugombeza ukiandika hivyo katika tangazo, lakini wanafunzi wako wa jioni, kama unao, waambie mtihani unataka mapotofu na mpotofu.

Sasa, kitu kikiitwa kimepinda lazima kuwe na unyoofu wa kukipimia. Anayesema "imani potofu" anadai kwamba unyoofu huo anaujua na anaweza kuuonyesha. Kama hawezi, ametukana tu. Na anasema jambo jingine ambalo watu hulisahau: kwamba mwenye imani hiyo ni mkweli wa moyo. Haamini kwa hila. Ndiyo maana uongo haufai mahali pa imani potofu, kwa kuwa mwongo anajua anachokificha. Uzushi una mzushi, mtu aliyezua. Uvumi huvuma, haujulikani ulikoanzia, na wakati mwingine hugeuka kuwa kweli. Upotoshaji ni kazi ya mtu anayewapotosha wengine, mara nyingi kwa faida yake. Kwa hiyo mganga anayemwambia mteja kwamba jirani yake ndiye aliyemtumia radi anapotosha, na mteja anayerudi nyumbani akiliamini hilo ana imani potofu. Si haki kuwaweka wote wawili katika kosa moja.

Ushirikina umetoka njia nyingine kabisa. Shina lake la Kiarabu ni lile lile lililotupa shiriki, mshirika, shirika, ushirika na shirikisho. Katika mafundisho ya Kiislamu, shirki ni kumpa Mwenyezi Mungu mwenza, kumshirikisha na kisichokuwa yeye, na Qurani katika sura ya nne, aya ya 48, inasema hilo Mungu halisamehe. Mtendaji mmoja ni mushrik. Wakiwa wengi ni mushrikina. Waswahili wakauchukua wingi huo na kuuvika viambishi vyao: mshirikina, washirikina, ushirikina. Kwa hiyo chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa pale Mbozi na ushirikina unaokemewa mimbarini ni watoto wa ukoo mmoja. Angalia usichanganye. Nimewahi kuisoma rasimu ya taarifa iliyowashukuru "washirikina wa maendeleo" kwa msaada wao wa visima. Wafadhili hawakujua Kiswahili, ikawa salama.

Kwa asili yake, basi, ushirikina ni neno la mtu wa dini anayeeleza kosa dhidi ya Mungu. Likapanda bara pamoja na Kiswahili, Wakristo wakalitumia bila kujali lilikozaliwa, na leo katika mazungumzo ya kawaida lina maana ya kutegemea nguvu za uchawi, hirizi, ndumba, ramli na makafara. Mchungaji wako akiwa kanisani ana kila sababu ya kulitumia. Akitaka liingie katika tangazo la kijiji ndipo tunapoachana naye. Serikali haina kazi ya kuwaambia wananchi nani amshirikishe Mungu na nani. Tena neno lake halitoshi kwa orodha yako: mama mkwe anayemnyang'anya mkwewe yai kwa hofu kwamba mtoto atazaliwa bila nywele amemshirikisha Mungu na nani? Na kuku?

Mwenzako wa afya naye hakuangalia vizuri. Maneno haya hukutana mahali, lakini mipaka yake haifanani. Nenda soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, asubuhi mapema, ununue sabuni ya mche kwa noti ya elfu kumi kabla hajaingia mteja mwingine. Kuna mama duka atakayekuambia hana chenji, na chenji anayo. Anaogopa chuma ulete: kwamba noti yako, ukiwa mtu mbaya, itaondoka jioni na kuchukua wenzake wote waliomo kwenye droo. Akiivuta droo utaona kipande cha mkaa na limau lililokauka kati ya noti za elfu moja moja. Hapo mambo mawili yamekaa pamoja. Kuamini kwamba fedha huvutwa na fedha nyingine ni imani potofu, na unyoofu wake unaweza kuuonyesha kwa daftari: andika mauzo, andika mikopo ya majirani, andika unga na nauli ya watoto iliyotoka kwenye droo hiyo hiyo, na kwa kawaida "mwizi" ataonekana ifikapo mwisho wa mwezi. Ule mkaa na limau ndio ushirikina, kwa kipimo cha mchungaji, maana ni kinga; ni tendo, lina vifaa, mara nyingi lina mganga aliyelielekeza na kulipwa. Imani potofu inaweza kukaa kichwani mwa mtu maisha yake yote bila tendo lolote. Ushirikina hauwezi, usipofanya kitu, huitwi mshirikina.

Wanaoendesha ligi yetu ya mpira wameliona hilo vizuri kuliko waandishi wengi. Timu ikikataa kupita mlango rasmi wa uwanja na kuruka ukuta, au kijana wake akionekana anamwaga kitu golini, barua ya faini huzungumzia vitendo vinavyoashiria imani za kishirikina. Angalia kilichohesabiwa ni vitendo. Hakuna anayelazimika kuamua kama dawa ile ingezuia bao. Mashabiki wenyewe wana jina la heshima la wanaoshughulikia dawa hizo, "kamati ya ufundi", na ukilisikia uwanja wa Sokoine, Mbeya, siku ya mechi usidhani wanazungumzia makocha.

Sheria nayo hutazama matendo. Sheria ya Uchawi tuliyonayo, Sura ya 18, ilitungwa na wakoloni wa Kiingereza mwaka 1928, na humtia hatiani anayejitangaza kuwa na nguvu za uchawi au anayetumia vifaa vyake. Mganga wa mitishamba yuko mbali na hapo. Yeye ana Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza la kumsajili. Ukiandika "ushirikina" kwa kukusudia kila anayechimba mizizi, umemkosea mtu ambaye huenda ana cheti cha serikali ukutani.

Nikae kidogo kwenye "imani za kishirikina", kwa sababu ndilo neno linalotumiwa vibaya zaidi na ndilo lenye uzito zaidi kwetu. Watoto walipouawa Njombe mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, karibu kila taarifa ilisema mauaji hayo "yanahusishwa na imani za kishirikina". Miaka ishirini nyuma yake, habari za watu kuchunwa ngozi huku Mbeya zilipewa maelezo hayo hayo. Watu wenye ualbino wakishambuliwa, maneno ni yale yale. Mimi sipingi kwamba imani ipo. Nalalamikia kinachofichwa. Anayeamini kwamba kiungo cha mtu kitamtajirisha ni mmoja. Kuna aliyemwambia hivyo na kumtajia bei, kuna aliyetumwa, kuna aliyepokea fedha. Ukiiweka sentensi nzima juu ya "imani", mnunuzi, dalali na muuaji wanatoweka, inabaki jamii nzima ikionekana imerogwa akili. Katika habari ya namna hiyo andika kwanza nani alifanya nini, kisha useme alikuwa akitafuta nini. Serikali ilipopiga marufuku wapiga ramli Januari 2015 ilikuwa imeelekea huko: ilimshika mwenye kusema, ikamwacha kwanza mwenye kuamini.

Sasa turudi kwenye tangazo. Radi. Hapa "imani potofu" limekaa mahali pake. Rungwe mna mlima wa karibu mita 2,960, mna upepo wenye unyevu unaopanda kutoka Ziwa Nyasa, na miteremko inayopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mawingu ya radi yasipokuja kwenu yaende wapi? Umeme unaojikusanya ndani ya wingu hutafuta njia ya kufika chini, na mara nyingi huipata kwenye kilicho kirefu: mti uliosimama peke yake, mlingoti, mtu aliye shambani wazi. Unyoofu huo unaweza kuueleza mbele ya yeyote. Madhara ya imani hiyo nayo yanaonekana kwa macho. Radi ikiua ng'ombe, atatafutwa mtu, mara nyingi mjane au mzee asiye na watoto karibu, na lambalamba, mganga wa kufichua wachawi, ataitwa kumnyooshea kidole. Jambo hili lina mizizi mirefu huku. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu wa Nyanda za Juu Kusini walivuka mpaka hadi Rumphi, kaskazini mwa nchi ambayo sasa ni Malawi, kwa mganga aliyeitwa Chikanga, ili awaambie nani mchawi. Basi taja imani yenyewe, taja na hatari yake.

Mayai ni jambo jepesi zaidi, nami ningelishusha cheo liitwe dhana potofu. Dhana, nayo ya Kiarabu, ni wazo analolishika mtu bila uhakika. Halina kiapo wala madhabahu. Likipata maelezo mazuri huondoka. Mkunga akimwambia mjamzito kwamba yai lina protini ya kumjenga mtoto na kwamba nywele haziliwi na yai, wengi hucheka na kula. Ila nikuonye. Katika takwimu za kitaifa za mwaka 2022, watoto waliodumaa walikuwa asilimia 56.9 Iringa na asilimia 50.4 Njombe, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30, na sisi ndio tunaojisifu kuwa ghala la chakula. Nimeona hotuba zinazomaliza suala hilo kwa maneno mawili: mila potofu. Ni rahisi mno. Mama anayeondoka alfajiri kwenda kuvuna viazi na kurudi jioni, huku mtoto akishindia uji wa mahindi mtupu, hana mila potofu. Ana kazi nyingi na hana wa kumsaidia. Na yai analolijua vizuri lina thamani huliuza apate mafuta ya taa. Kabla ya kuandika "potofu", uliza kwanza kama kinachomzuia ni wazo au ni mfuko.

Kutambikia msituni kutoe kabisa. Tambiko ni tendo la heshima kwa waliotangulia. Halidai jambo ambalo wewe unaweza kulipima likaonekana limepinda au limenyooka. Misitu mingi ya Wanyakyusa iliyobaki imebaki kwa sababu ilikuwa makaburi ya machifu, watu wakaogopa kutia panga. Mchungaji anaweza kulipinga tambiko kwa hoja za dini yake. Wewe ukilipinga, utalipinga kwa hoja ipi? Kama kuna moto unaowashwa ukatishia msitu, andika moto.

Na kwa kuwa uko Rungwe, jambo moja la ziada ambalo litakusaidia kuongea na wazee. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi kwenu kati ya 1935 na 1938, aliandika kwamba Wanyakyusa hawakuwa na neno moja la kuyafunika mambo yote ya uchawi. Walikuwepo abalosi, waliodhuru kwa tamaa na wivu. Walikuwepo abamanga, wenye nguvu ya asili ile ile, lakini wao waliilinda jamii. Na ilikuwepo pumzi ya watu: majirani wakichukizwa na mtu asiyemtunza baba yake au asiyetoa karamu ya msiba inavyopasa, manung'uniko yao yalisemekana kumletea ubaridi na homa. Je, hiyo ni imani potofu? Kama maelezo ya homa, ndiyo, na kituo cha afya kina kipimo cha malaria cha kuthibitisha. Lakini wazee wakikumbuka pumzi ya watu, mara nyingi wanazungumzia aibu, yaani kwamba mtu alijali majirani wanasema nini juu yake. Ukikata yote kwa panga moja, watakuona hujui unachokizungumzia, nao watakuwa wamesema kweli.

Tangazo ningeliandika hivi:

"Radi haitumwi na mtu. Mvua ikianza, ondokeni chini ya miti na mashambani, ingieni ndani ya nyumba. Kumtuhumu jirani kwamba ametuma radi ni kumweka katika hatari. Atakayetishiwa au kufukuzwa kwake afike ofisi ya kijiji mara moja. Mama mjamzito anaruhusiwa kula mayai na anayahitaji. Muulizeni mkunga siku ya kliniki."

Utaona "imani potofu" halimo, wala "ushirikina". Ukitaka kichwa cha habari, "Radi na Usalama Wetu" kinatosha. Neno imani potofu litunze kwa ripoti yako ya robo mwaka, pale wilayani wanapolitafuta, nalo uliandike likifuatwa na nukta mbili na imani yenyewe: "imani potofu: kwamba radi hutumwa". Habari ya mayai iweke chini ya lishe, na mbele yake uandike kaya ngapi zinafuga kuku na ngapi zinauza mayai yote.